Fundi Aliyekataa Wito wa Bunge

Jina la nchi hii sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kwao jina la nchi hutajwa kwa kibali, na ofisi ya kutoa vibali hivyo mpaka leo haijapata jengo. Itoshe kusema kuwa ni nchi yenye amani nyingi mno, na kila kona kuna askari wa kuilinda isiibwe.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke anayeitwa Mwanakheri, mshonaji wa mapazia, na mumewe Hatibu, fundi wa plasta. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na sita, wakagombana sana miaka mitatu ya mwanzo, kisha wakachoka kugombana na kuanza kupendana. Hatibu alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi kazini alikuwa anakaa kizingitini, mkewe anamwagia maji mikononi, na chokaa ikishatoka ndipo wanasalimiana. Mwanakheri alikuwa akilalamika kwamba mume wake anamsalimia kwa kuchelewa, na sasa angetoa chochote achelewe tena.

Hatibu alipata kazi kwenye ukumbi mpya wa Bunge. Ukumbi ule ulipangiwa miaka mitano, ukajengwa kwa miezi mitano, na gazeti la Serikali likaandika kwamba hiyo ndiyo kasi ya maendeleo. Jioni moja Hatibu alimwambia mkewe kwamba dari ya mle ndani ina nyufa ambazo haelewi zimetoka wapi. Alikuwa ameshamwambia msimamizi, naye msimamizi akamjibu kuwa dari hiyo imeshapitishwa na kamati, na fundi anayeona nyufa ambazo kamati haikuziona ana matatizo ya macho.

Alhamisi asubuhi, wiki moja kabla ya ufunguzi, waheshimiwa wabunge waliitwa ukumbini kufanya mazoezi ya kupiga meza. Walianza na lile la kumpongeza Waziri, wakafanya la kumpongeza Waziri Mkuu. Walipofikia lile la kumpongeza Rais walipiga meza kwa moyo wao wote, na dari ya upande wa nyuma ikashindwa kustahimili uzalendo ule. Ikashuka. Sakafu ya pale nayo ikatoboka na kuzama. Waheshimiwa wote walikuwa wamekaa mbele, karibu na kamera, kwa hiyo hawakupata hata mkwaruzo. Nyuma kabisa alikuwepo mtu mmoja tu, anamalizia ukuta.

Kabla ya jua kuzama, shimo lilikuwa limejazwa zege, na juu ya zege limetandikwa zulia la kijani. Kesho yake Bunge lilikaa kwa dharura na kupitisha Azimio Namba Tisa, lililosema hivi: kwamba hakuna kilichoanguka, kwamba hata kama kilianguka, hakikumwangukia mtu, na kwamba mtu huyo ambaye hakikumwangukia yu mzima wa afya na anawasalimu wananchi wote. Azimio lilipita bila kupingwa. Safari hii walipiga meza kwa vidole.

Mafundi wenzake wawili walikwenda kwa Mwanakheri kwa mlango wa uani. Walisimama wakitazama chini, mmoja wao akamkabidhi ndara za Hatibu, zile alizokuwa akivua kabla ya kupanda jukwaa. Hawakuhitaji kusema zaidi. Mwanakheri hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na wifi yake Tausi, dada yake Hatibu, akaja kumshika.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: apewe mumewe amzike. Tausi alikwenda kwenye geti la Bunge siku tatu mfululizo kuuliza maiti ya kaka yake. Siku ya kwanza aliambiwa Bunge halihifadhi maiti. Siku ya pili aliambiwa aandike barua. Siku ya tatu alirudishiwa barua yake, kwa sababu ilianza na neno "marehemu", neno ambalo kwa mujibu wa Azimio Namba Tisa halikuwa na mtu wa kulibeba.

Mwanakheri akakaa eda. Alivaa nguo nyeupe, akavua hereni na bangili, akaacha manukato, akajifungia ndani ahesabu miezi minne na siku kumi kama mila na dini zinavyomtaka mjane. Hakuna kaburi, hakuna sala, hakuna waombolezaji. Eda ndiyo kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho cha kumfanyia mumewe, akaifanya kwa ukamilifu, saa kwa saa.

Katika nchi yenye amani hakuna jambo dogo. Mjumbe wa mtaa aliona nguo nyeupe zikining'inia kwenye kamba, leo na kesho na keshokutwa, hakuna hata kanga moja yenye rangi. Akaandika taarifa. Taarifa ilipanda wilayani, ikapanda mkoani, ikafika mezani kwa Spika na mihuri kumi na minne. Spika akaisoma mara mbili. Bunge limesema Hatibu yu hai, na huku kuna mwanamke anayekaa eda ya Hatibu. Hiyo ilikuwa dharau kwa Bunge, tena dharau ya kila siku, asubuhi hadi jioni, hata akiwa amelala.

Hati ya wito ililetwa na Mpambe wa Bunge, Bwana Ngoda. Huyu alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyebeba siwa ya Bunge, lile rungu la heshima, kwa miaka thelathini na moja bila kuidondosha. Alikuwa na sifa moja ambayo waheshimiwa waliipenda sana: akipewa amri, anaitekeleza jinsi ilivyotamkwa, hapunguzi wala haongezi. Alisimama nje ya pazia akamsomea Mwanakheri hati yote, mpaka nukta. Mwanakheri akamjibu kwa upole kwamba asingeweza kwenda, maana mwenye eda hatoki nyumbani.

Bwana Ngoda akaandika jibu hilo jinsi alivyolisikia. Bunge lilipolipokea likachafukwa. Mshitakiwa aliyeshitakiwa kwa kukaa eda alikuwa anakataa kuja kujibu kwa sababu anakaa eda. Wanasheria wa Bunge walijifungia siku mbili, wakatoka na ushauri kwamba kama mshitakiwa hafiki mbele ya Bunge, basi Bunge lifike mbele ya mshitakiwa.

Ndivyo Kamati ya Kudumu ya Heshima ilivyohamia uani kwa Mwanakheri, chini ya mwenyekiti wake Mheshimiwa Kizunguto. Vijana wa Bunge walitangulia asubuhi wakafunga turubai, wakapanga viti vya plastiki, wakatandika mikeka. Siku hiyo ilikuwa ya arobaini tangu Hatibu aondoke. Wao hawakuijua hesabu hiyo, ila mtaa mzima uliijua.

Majirani walikuwa wameogopa kuja kumpa pole siku zote zile. Walipoona turubai la Serikali wakadhani ruhusa imetolewa. Wakaja. Kina mama walikuja na sufuria kubwa za pilau, wazee wakaja na misahafu, mwingine akawasha ubani. Waheshimiwa walipofika walikuta watu mia mbili wamekaa kimya, na kila mmoja anasimama kuwapa mkono na kuwaambia poleni. Nao, kwa kuwa ni watu wenye adabu, wakajibu tumeshapoa.

Mheshimiwa Kizunguto alikula sahani mbili. Baadaye aliagiza kumbukumbu rasmi ziandike kwamba Kamati ilipata chakula cha mchana cha kawaida, na kwamba wananchi waliokuwa wakilia walikuwa wakilia kwa sababu zao binafsi.

Shauri likaanza. Mwanakheri alikaa ndani, nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe. Mheshimiwa Kizunguto alisimama, akashika koti lake pande mbili, akazungumza kwa saa nzima juu ya hadhi ya mhimili wa dola. Alisema Bunge ndiyo macho ya taifa, na kwamba taifa lililojionea kwa macho yake kuwa fundi yu hai haliwezi kupingwa na kipande cha bafta nyeupe. Mwisho akamuuliza mshitakiwa kama yuko tayari kuvua nguo nyeupe na kuomba radhi.

 Nyuma ya pazia Mwanakheri akasema, na sauti yake haikutetemeka ila katika neno la mwisho:

"Mheshimiwa, mkisema yu hai mimi ndiye wa kwanza kutaka iwe hivyo. Nitavua hizi nguo leo hii. Lakini mimi nimemwita siku arobaini, haitiki. Sijawahi kumwita mume wangu mara mbili asiitike. Naomba mmwite nyinyi. Nyinyi ni wakubwa, huenda akawasikia."

Kina mama uani wakaanza kulia kwa sauti. Hata mwandishi wa kumbukumbu aliinama akatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Lakini Mheshimiwa Kizunguto alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Aliona hapo njia nyepesi ya kulimaliza jambo. Raia anaitwa na Bunge, raia anakuja, mwanamke anaumbuka. Katika historia ya nchi ile hakuna mtu aliyewahi kuitwa na Bunge akakataa, ukimtoa huyo wa nyuma ya pazia.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Bunge lilimwita Hatibu. Bwana Ngoda alifungua mlango mkubwa wa ukumbi akaliita jina lake mara tatu kama kanuni zinavyotaka. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini kuliko mara ya kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. Hakuna aliyeingia.

Waheshimiwa walishikwa na hasira. Mmoja alisimama akasema fundi huyu amelewa umaarufu. Wa pili akasema mafundi siku hizi wana kiburi, wa kwake nyumbani ni wiki ya tatu hajatokea. Wa tatu alitaka kujua anafadhiliwa na nani. Ikatolewa hoja kwamba Hatibu, fundi plasta, raia wa nchi hii, ameonesha dharau ya wazi kwa Bunge tukufu kwa kukaidi wito wake. Wanaoafiki waliambiwa waseme ndiyo, wakasema. Kisha Spika akatoa amri ya kumkamata.

"Akamatwe popote alipo, aletwe mbele ya Bunge hili, atake asitake. Na yeyote atakayemzuia Mpambe kutekeleza amri hii naye atakuwa amelidharau Bunge."

Bwana Ngoda akainama. "Popote alipo, Mheshimiwa Spika?"

"Popote."

Mzee yule alikuwepo ukumbini siku ile ya mazoezi ya meza. Miezi miwili alikuwa akipita juu ya zulia la kijani na siwa begani, na kila akifika upande wa nyuma alikuwa akizunguka kidogo, watu wakidhani ni goti linamsumbua. Hakwenda mbali kutekeleza amri. Alitoka nje, akarudi na wafungwa wanne wenye sururu, akakunja zulia, akawaonesha mahali.

Wakati huo Bunge lilikuwa likijadili muswada wa kulinda utulivu. Mheshimiwa aliyekuwa akichangia aliendelea kuchangia, kwa sauti kubwa zaidi kadiri sururu zilivyozidi kulia. Waheshimiwa wa safu ya nyuma walinyanyua miguu, vumbi likawaingia kwenye suti. Spika alifungua mdomo mara tatu kumzuia Mpambe, na mara tatu karani alimwonesha kwa kidole ile amri yake mwenyewe, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Akafunga mdomo.

Vikao vilirushwa moja kwa moja na redio. Mwanakheri na Tausi walikuwa wamekaa kwenye mkeka ndani, redio katikati yao. Walisikia zile sauti za chuma juu ya zege. Zikaendelea saa moja, saa ya pili. Halafu zikakoma, na redioni wakasikia watu wakikohoa tu.

Kisha sauti ya Bwana Ngoda ikasikika, ikisoma taarifa ya ukamataji kama kanuni zinavyomtaka. Mtuhumiwa amepatikana. Amevaa shati la buluu lenye mikono iliyokunjwa. Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Ule uzi mwekundu ulikuwa wa pazia. Asubuhi ile ya Alhamisi uzi wa buluu ulikuwa umeisha, na Hatibu alikuwa akichelewa, Mwanakheri akamshonea kifungo akiwa amesimama mlangoni, akamwambia jioni nitakubadilishia. Sasa aliizima redio, akaikumbatia kifuani kama vile ndani yake kuna mtu, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia siku sitini na moja. Tausi alimwacha alie, maana na yeye alikuwa akilia.

Kwa hiyo hakusikia yaliyofuata, na pengine ni heri. Hatibu alilazwa juu ya mlango uliong'olewa, mbele ya siwa. Spika alimtaka aeleze kwa nini asiadhibiwe. Hatibu akanyamaza. Akasomewa shitaka upya, akanyamaza. Mheshimiwa mmoja kijana, mgeni bungeni, alisimama akasema kwa heshima zote yeye anaona huyu mtu amekufa. Akaambiwa yuko nje ya utaratibu, akatolewa nje yeye, na kwa wiki nzima hakuruhusiwa kurudi. Ukimya wa mtuhumiwa uliandikwa kuwa ni dharau juu ya dharau. Bunge likamhukumu kifungo mpaka hapo atakapoomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwanakheri naye alihukumiwa siku hiyo hiyo, kwa huruma. Kwa kuwa mumewe ameshapatikana, alisamehewa, kwa sharti kwamba asijiite mjane tena, wala kwa maneno wala kwa maandishi. Na mfungwa wa dharau, kwa kanuni za magereza ya nchi ile, haruhusiwi kutembelewa na mtu katika siku tisini za mwanzo.

Hapa inabidi niseme neno juu ya Bwana Ngoda, maana watu wengi wa nchi ile wanamsema vibaya. Yeye ndiye aliyempeleka mfungwa gerezani. Kanuni zinasema mfungwa mpya aogeshwe kabla ya kupokelewa. Akasimama pale mpaka Hatibu akaogeshwa, na waliomwogesha walikuwa wazee watatu wanaojua kuosha. Kanuni zinasema avishwe sare. Akadai sare mpya, nyeupe, ambayo haijakatwa wala kushonwa. Kanuni zinasema kila mfungwa mpya ahesabiwe kwenye gwaride. Wafungwa mia tatu wakapangwa safu nyuma yake, wakasimama bila kurukuu wala kusujudu, na mmoja wao akiwa mbele akasoma kimoyomoyo. Kisha Hatibu akapelekwa kwenye kifungo cha peke yake, nyuma ya stoo ya jela, chini. Yote hayo yaliandikwa kwenye vitabu na hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa. Wiki iliyofuata mzee aliomba kustaafu.

Mwanakheri alimaliza eda yake. Ilipotimia miezi minne na siku kumi alioga, akavua nyeupe, akavaa kanga ya kahawia. Tausi alimsuka nywele. Akangoja siku zilizobaki za katazo la gereza, na Jumapili ya kwanza iliyoruhusiwa akatoka nyumbani, mara ya kwanza tangu msiba. Alitembea polepole, jua likimuumiza macho.

Getini palikuwa na askari wa kike kijana, na mbele yake daftari la wageni. Akauliza jina la mgeni, akaandika. Akauliza jina la mfungwa, akaandika. Akafika kwenye safu ya uhusiano, akageuza daftari na kumpa kalamu, kwa sababu safu hiyo mgeni hujaza mwenyewe na kutia sahihi.

Mwanakheri aliishika kalamu akaitazama ile nafasi nyeupe. Alikuwa amegombana na Bunge zima kwa ajili ya neno moja. Alikuwa amelikalia neno hilo ndani ya nyumba, siku mia moja thelathini, mlango umefungwa. Neno lile lilikuwa ukweli wote aliobaki nao kuhusu mumewe.

Askari aliinama mbele. Alisema kwa sauti ya kuomba, si ya kuamrisha, "Mama, ukiandika lile lingine nitatakiwa kukurudisha. Na sitaki kukurudisha."

Mwanakheri akaandika: mke. Akatia sahihi.

Alipelekwa nyuma ya stoo. Palikuwa na kifusi kirefu cha udongo, na juu yake kibao chenye namba ya mfungwa. Alipewa dakika kumi. Alipiga magoti, akaufagia ule udongo kwa viganja, akaondoa majani makavu na mawe, akausawazisha mpaka ukawa laini. Akamwambia Hatibu amsamehe kwa alichokiandika pale getini. Akamwambia kuwa ametaka sana kuja kumzika na hakuruhusiwa, kwamba alimsikia redioni, kwamba kile kifungo alikusudia kweli kukibadilisha. Alitaka amuage, asome dua, aondoke kama watu wanavyoondoka makaburini. Lakini dakika kumi ni chache, na nyingi zilikwenda katika kulia.

Askari alisimama hatua chache nyuma na daftari la mazungumzo. Katika gereza lile kila linalozungumzwa na mfungwa lazima liandikwe, na nakala hupelekwa kwa Spika kila Jumatatu. Aliitazama saa yake, akangoja dakika mbili za ziada ambazo hakuziandika. Kisha, kabla ya kumwinua mama wa watu, akajaza ukurasa wa siku hiyo: mke amefika, amelia, mfungwa hajaomba radhi.